Kabla hujauza tailizi, uliza kama ukuta una rangi

Leo naongea na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi kama mimi, hasa tunaouza tailizi.

Mwaka wangu wa kwanza dukani alikuja mama mmoja, anataka boksi sita za jikoni. Nikapokea hela, nikambebea mpaka kwenye bajaji. Sikumuuliza hata swali moja. Baada ya kama miezi miwili akarudi na tailizi tatu mkononi. Zilidondoka usiku, bahati tu hakukuwa na mtoto pale kwenye sinki. Nikageuza moja. Saruji ilikuwa bado imeng'ang'ania tailizi, na juu ya saruji kuna ngozi nyembamba ya rangi yenye unga mweupe wa skimu. Yaani tailizi ilishika vizuri kabisa, ila ilishika rangi. Rangi na skimu ndiyo vilivyoachia ukuta.

Fundi hapokei simu. Aliyelaumiwa ni mimi. Nilimpa boksi mbili bure, na faida yote ya mauzo yale ikaishia hapo.

Siku hizi kabla ya kuuliza boksi ngapi, nauliza unabandika wapi, na ukuta una rangi? Akisema ndiyo, namwelekeza jaribio dogo. Akwangue alama ya msalaba kwa kisu, abandike solotepu juu yake, aivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, rangi yote hiyo ikwanguliwe. Kukitoka unga mweupe, skimu nayo itoke mpaka lipu yenyewe. Halafu anyunyizie maji. Yakiteleza kama juu ya jani la mgomba, ukuta haunywi, na saruji haitapata pa kushika.

Rangi ya mafuta ndiyo sumbufu zaidi. Hapo msasa peke yake mimi siuamini. Achukue tindo na nyundo, adonoe ukuta mzima, vitundu vya karibu karibu, kama sentimita tano tano, mpaka lipu ionekane. Ukuta utakuwa kama umeugua tetekuwanga, na ndivyo inavyotakiwa. Wakati wa kudonoa asikilize: penye mlio wa uwazi lipu imeachia, abomoe hapo apige upya, iache ikauke.

Jikoni kuna mafuta ya kupikia, kwa hiyo aoshe kwa sabuni na asuuze. Kukiwa na unyevu, bomba linalovuja litengenezwe kwanza. Mwisho vumbi lote lifagiliwe. Mafundi wengi wanaruka hapa maana ni kazi isiyoonekana.

Nyumba ikiwa ya zamani muonye: baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi. Alowanishe ukuta kabla ya kukwangua, avae barakoa, na watoto wasikae humo.

Ukishaeleza hivyo, mteja mwenyewe anaulizia tindo, brashi ya waya, na gundi ya tailizi. Vyote uwe navyo.

Wapo wanaonuna. "We kijana, niuzie tailizi, fundi wangu anajua." Nawauzia. Ila kwenye risiti naandika chini, "Ameelezwa kuhusu rangi," na nakala nabaki nayo.