Korali ya shule: kinanda au do-re-mi?

SWALI: Ninafundisha korali katika shule ya sekondari ya kanisa hapa Uvira. Wazazi wanachanga ili tununue kinanda cha umeme. Je, kitainua uimbaji?

JIBU: Mwalimu, anza na ubao na chaki. Kinanda humpa mwanafunzi sauti ya kuigiza. Umeme ukikatika, naye ananyamaza. Alama za do-re-mi, zilizobuniwa na Sarah Glover wa Uingereza na kuenezwa na John Curwen katika karne ya 19, humfundisha kusoma. Andika d : m : s, nukta mbili zikitenganisha mapigo, kisha soprano, alto, tenori na besi wafuate kila mmoja mstari wake. Tena do huhama: wavulana wanaovunja sauti wakishindwa kupanda, unaishusha, na alama zinabaki zilezile.

Utaambiwa kwamba korali nyingi za kando ya Tanganyika, kutoka Uvira hadi Baraka, huimba vizuri kwa kusikia tu. Ni kweli, na sikio lisidharauliwe. Lakini shule si parokia: kila mwaka darasa la mwisho humaliza na kuondoka na nyimbo zao kichwani. Wanaobaki wasipojua kusoma, huanza upya. Wengine watasema Mtihani wa Serikali hauachi nafasi. Robo saa, mara tatu kwa wiki, haiibi somo la mtu.

Kinanda kinunuliwe baadaye, kiwasindikize watoto ambao tayari wanajua kusoma.