Tangu Lini?

Wadogo zangu, barua za mapenzi na za mawifi zitasubiri wiki ijayo. Kuna ujumbe ulinifikia saa tano usiku nikaujibu palepale kwa simu, maana haukuwa wa kungoja gazeti litoke. Mwenyewe ameniruhusu niulete hapa.

"Dada, mama mkwe wangu ana miaka 74. Jumapili alikuwa anachambua mchele na kutusimulia msiba wa jirani. Leo Jumatano ananiita kwa jina la dada yake marehemu, anasema kuna watoto darini. Usiku halali, mchana anasinzia uji ukiwa mdomoni. Wifi anasema ni uzee tu, amerudi utotoni. Shemeji anasema kuna mkono wa mtu. Nimsikilize yupi?"

Hata mmoja, mdogo wangu. Tazama kalenda. Umenitajia Jumapili, umenitajia Jumatano, na hizo siku mbili ndizo habari yote. Uzee haumvamii mtu katikati ya wiki. Ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia, kwa kawaida huingia kama mchwa kwenye boriti. Ukiuliza ulianza siku gani, nyumba nzima haina jibu. Kinachokuja kwa siku mbili tatu, asubuhi afadhali, jioni balaa, ni kitu kingine. Hospitali wanakiita deliriamu, bibi zetu walisema mtu anaweweseka. Ubongo umezidiwa na ugonjwa ambao mara nyingi uko kwingine mwilini: nimonia, malaria, yutiai, sukari kushuka, maji kupungua, hata choo kilichogoma siku tano. Hiyo ni dharura, mnakwenda hospitali usiku huohuo.

Naongea kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe nilichelewa. Nilifika Muheza nikamkuta bibi mzaa mama kitandani anachuma maua ya kanga. Mnielewe: kanga aliyojifunika ilikuwa na maua mekundu, naye alikuwa anayachuma mojamoja kwa vidole viwili, taratibu, anayatia kwenye kikapu nisichokiona. Nikacheka. Nikamwita mama aje aone. Siku mbili nzima tulimfanya bibi kichekesho cha nyumba.

Tulipompeleka zahanati, nesi hakucheka. Alimwomba ataje siku za wiki kuanzia Jumapili kurudi nyuma. Bibi, aliyekuwa anajua madeni ya upatu ya wanawake ishirini kwa kichwa, akasema "Jumapili, Jumamosi," akapotea, akaanza kuangalia dari. Kisha nesi akauliza swali ambalo sisi hatukulifikiria: anakunywa maji kiasi gani? Kumbe alikuwa ameacha kunywa kuanzia alasiri, kwa sababu choo kiko uani na usiku mmoja aliteleza kwenye ngazi. Hakutaka kumsumbua mtu. Mkojo ukawa mchache, yakaingia maambukizi, akili ikayumba. Homa hakuwa nayo, na hilo ndilo lililotupoteza. Mwili wa mzee unaweza kubeba maambukizi makubwa bila kuwaka moto. Dripu, dawa, siku ya tisa akamgombeza mama kwa uji mwepesi. Sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Na msingoje vituko. Kuna mzee ambaye deliriamu yake ni kunyamaza tu: amelala, hali, hajibu, na nyumba nzima inasema "leo mzee katulia." Huyo ndiye anayepitwa kirahisi zaidi.

Mkifika hospitali, semeni jambo ambalo daktari hawezi kulijua kwa kumtazama: alikuwaje wiki iliyopita. "Jumapili alichambua mchele" ina uzito kuliko "amechanganyikiwa." Bebeni miwani yake. Usiku akae naye mtu anayemjua kwa sura, amwambie yuko wapi na ni saa ngapi, amwite kwa jina lake. Msikubali afungwe mikono kirahisi, hofu humzidishia. Na bebeni dawa zote, za dirisha la wazee na za dukani, pamoja na chupa za miti shamba. Piritoni ninaitaja kwa jina kwa sababu tunaigawa kama pipi, "alale kidogo". Kwa kichwa cha mzee ile dawa inaweza kuwa ndiyo chanzo chenyewe.

Sasa demensia. Jirani yetu mmoja alisuka ukili maisha yake yote. Ilianza kwa mikeka kutoka upana usiolingana, tukadhani ni macho. Mwaka uliofuata alikuwa anashika miyaa na kuitazama kama mgeni. Hakuna siku unayoweza kuitaja. Hapo hakuna dripu ya kumrudisha, lakini daktari amwone vilevile: sonona, tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12 huweza kufanana nayo, na hivyo vina tiba. Mgonjwa akimuulizia mume aliyekufa zamani, usimpe taarifa ya msiba kila asubuhi, atalia upya kila asubuhi. Muulize alikuwa mtu wa namna gani. Na shemeji wa mkono wa mtu aelewe kwamba katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo yake.

Wala si kila mzee hupata demensia. Watafiti waliochunguza wazee wa vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta demensia kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea. Wengi wao walikuwa hawana. Kusahau jina la mtu msibani kisha likakujia ukiosha vyombo, huo ni uzee wa kawaida, mimi mwenyewe umeshanianza. Mwaka 2024 jopo la jarida la The Lancet lilikadiria kuwa karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa, likataja mambo 14, yakiwemo presha, sukari, sigara, upweke na masikio. Masikio, jamani! Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, na akili inakaa bila kazi. Mpelekeni apimwe; wakati mwingine ni nta tu.

Yule mdogo wangu ameniandikia tena juzi: mama mkwe amerudi nyumbani, watoto wa darini wameondoka, ila bado anachanganya siku. Je, atarudi kama zamani? Inaweza kuchukua wiki, hata miezi, na wengine hawarudi kikamilifu. Mrudishe kliniki akapimwe kumbukumbu baada ya miezi michache. Kwa sasa mnunulieni ndoo yenye kifuniko ya haja ndogo ya usiku, ikae karibu na kitanda, asiogope kunywa maji.