SOMO WANGU NI NANI?



Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili, na mtu akizitazama kwa haraka haoni zinavyohusiana. Neno hilo ni "somo". Maana ya kwanza tunaijua tangu darasa la kwanza: ni kile kinachosomwa, kama somo la hesabu, au somo linalosomwa kanisani Jumapili. Maana ya pili ni ya watu. Wawili wenye jina moja huitana somo, Juma akikutana na Juma mwenziwe njiani humwita, "Hujambo, somo!"

Leo nataka tuziweke maana hizo pamoja na kuuliza: mtu mwenye jina la mwingine anasoma nini kwake? Mifano tutaichukua hapa kwetu Tabora, na katika njia ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaenda hata Ujiji.

1. Akina Daudi wawili

Daudi wa kwanza ni David Livingstone, aliyezaliwa Scotland mwaka 1813. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, walisafiri pamoja mpaka Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, wakafika Februari 1872. Stanley aliondoka mwezi wa Machi. Livingstone akabaki katika tembe akingojea wapagazi kutoka pwani, na mwezi wa Agosti akaanza safari yake ya mwisho. Alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kimo nchini Zambia.

Daudi wa pili ni mtumishi wake, Abdallah Susi, mtu wa Chupanga katika mto Zambezi. Yeye na James Chuma ndio waliowaongoza wenzao baada ya kifo kile. Waliuzika moyo wa bwana wao chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakauchukua kwa miguu kwenda pwani. Walipofika hapa Unyanyembe, Oktoba 1873, walimkuta Mwingereza mwingine, Luteni Cameron. Yeye aliwashauri wauzike mwili hapa hapa. Walikataa. Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi ya kazi hiyo, waliufikisha Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili ulizikwa Westminster Abbey, London.

Sasa tuangalie jambo moja ambalo wengi hulipita. Susi alipofanya hayo yote hakuwa Daudi. Alibatizwa Unguja mwaka 1886, miaka 12 baada ya kufika Bagamoyo, na hapo ndipo alipoitwa Daudi, jina lile lile la bwana wake. Wazazi wengi humpa mtoto jina la mtu mkubwa, kisha hungojea jina lifanye kazi ya malezi. Kwa Susi kazi ilitangulia, jina likafuata. Uaminifu ule ulikuwa wake mwenyewe kabla hajawa somo wa mtu yeyote.

2. Akina Yakobo wawili

Waingereza wana majina mawili, James na Jacob, nao huyahesabu kuwa mbali mbali. Asili yake ni moja, na Biblia yetu ya Kiswahili huyaita yote Yakobo: baba wa makabila 12, mtume mwana wa Zebedayo, mtume mwana wa Alfayo, na yule wa Waraka. Basi kwa hesabu yetu msafara ule ulikuwa na akina Yakobo wawili.

James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa utumwani mwaka 1861 na Livingstone pamoja na wamisionari wa Askofu Mackenzie. Jacob Wainwright naye aliokolewa utumwani, akasomeshwa Nasik, Bara Hindi, katika shule ya Church Missionary Society. Alifika Kwihara Agosti 1872 pamoja na wapagazi waliotumwa na Stanley. Chuma alijua kuongoza watu na kusema na wenyeji wa njiani. Wainwright alijua kusoma na kuandika; ndiye aliyesoma sala za maziko kule Chitambo, akachonga maandishi katika mti. Kati ya wale waliouchukua mwili kutoka Chitambo, yeye peke yake alihudhuria maziko London. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, nao wakasaidia kutengeneza kitabu cha safari za mwisho za Livingstone.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882. Wainwright alifariki mwaka 1892 Urambo, jirani zetu kabisa. Jina moja, vipawa viwili. Kama msafara ungekuwa na Chuma wawili, nani angeandika? Na kama ungekuwa na Wainwright wawili, nani angeongoza?

3. Akina Julius

Mwaka 1937 kijana Mzanaki aitwaye Kambarage aliingia shule ya serikali hapa Tabora. Alibatizwa mwaka 1943, akaitwa Julius, wala hakuliacha jina la Kambarage. Mwaka 1946 alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, mpaka mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh kusoma.

Julius mkubwa wa historia ni Julius Caesar wa Roma, ambaye mwezi wa Julai umeitwa kwa jina lake. Rafiki zake walimwua tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, kwa hofu kwamba atajifanya mfalme. Shakespeare akamtia katika mchezo wa kuigiza, na Mwalimu Nyerere akautafsiri kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1963. Basi Julius wetu alimwandika somo wake. Caesar aliondolewa kwa visu. Mwalimu aliuacha urais kwa hiari yake Novemba 1985. Sisemi kwamba jina ndilo lililomfundisha. Nasema tu kwamba kwa somo wetu twaweza kujifunza pia njia ya kuepuka.

Yupo na Julius mwingine, mdogo, katika Matendo ya Mitume mlango wa 27. Ni yule akida Yulio aliyemchukua Paulo kwenda Roma. Alimruhusu kuwaona rafiki zake Sidoni, na askari walipotaka kuwaua wafungwa, aliwazuia. Hakuna mwezi ulioitwa kwa jina lake, lakini watu walipona kwa ajili yake.

4. Hatari ya jina

Katika mchezo huo huo wa Caesar kuna habari ya kutisha. Mmoja wa waliomwua Caesar aliitwa Cinna. Kundi la watu wenye hasira likamkuta njiani Cinna mwingine, mtunga mashairi asiye na hatia. Akawaambia kwamba yeye siye. Hawakujali, jina lilitosha. Wanahistoria wa kale nao waliandika kwamba Cinna mmoja aliuawa kweli kwa kudhaniwa kuwa mwenziwe.

Tusidhani ni mambo ya Roma tu. Kila mwalimu aliyewahi kuwa na akina Maria watatu darasani anajua jinsi kosa la mmoja linavyowaangukia wawili. Kijijini mtu husikia, "Fulani ameiba," na kabla ya kuuliza ni Fulani yupi, ameokota fimbo. Swali fupi, "yupi?", laweza kuokoa roho ya mtu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi:

(a) Ulipewa jina la nani, na nani alikuchagulia? Kama wazee wako wapo, waulize wiki hii.

(b) Taja jambo moja la kufuata kwa somo wako, na moja la kuepuka.

(c) Je, yuko mtu katika mtaa wako aliyebeba sifa mbaya isiyo yake, kwa sababu ya jina au ukoo tu? Utamfanyia nini?