Asali ya Mau: Maswali ya Wanaotaka Biashara Inayolinda Msitu

Vijana na akina mama wengi wanaoishi kandokando ya msitu wa Mau Kusini Magharibi, upande wa Kericho na wa Bomet, wanatafuta kazi ya kuongezea chai. Wengine wamekwisha kununua mizinga. Haya ndiyo maswali wanayouliza zaidi.

Kwa nini nyuki, na si kuongeza chai?

Mchai unaochumwa kila baada ya wiki moja au mbili haupati nafasi ya kuchanua. Kwa jicho la mgeni vilima vya chai ni kijani kitupu cha kupendeza. Kwa nyuki havina chakula. Mbochi hutoka msituni, kwenye miti kama silibwet, ambayo Waogiek, jamii ya wenyeji wa Mau, wanaienzi kwa asali yake. Mwenye mizinga basi ana sababu ya mfukoni ya kutaka mti ubaki umesimama, na sababu hiyo hudumu kuliko mabango ya kukataza. Tusisahau kwamba mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya Mau zigeuzwe makazi na mashamba.

Naweza kuingia msituni na kutundika mizinga?

La, si peke yako. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kuvuna asali, dawa za miti shamba, nyasi na kuni kupitia chama cha jamii cha misitu, yaani CFA, chenye mkataba na Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Nenda kituo cha misitu kilicho karibu nawe, uliza CFA yenu ni ipi, ujiunge. Aliye na robo ekari kando ya msitu anaweza kuweka mizinga kwake. Nyuki hawaulizi mpaka.

Sharti moja halina mjadala: tumia bomba la moshi, si mwenge wa majani. Cheche za mrina asali mmoja zaweza kuteketeza msitu mzima.

Asali yetu ni tamu. Mbona haiuziki?

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, na mara nyingi tatizo si mtaji. Asali huletwa sokoni kwenye chupa kuukuu za pombe, bila jina wala uzito. Mnunuzi wa mjini Kericho ataamuaje kwamba si sukari iliyochemshwa?

Anza na ubora. Rina masega ambayo nyuki wameyaziba kwa nta. Kama mzinga wako una fremu, itikise: ikidondosha, rudisha, bado ina maji mengi. Viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi sana, asali huchacha na kifuniko huvimba dukani.

Kisha lebo, ambayo si lazima iwe ghali. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu wanaosomea usanifu au biashara wanahitaji kazi halisi za kuonyesha, na wengi watakuchorea nembo kwa malipo madogo au kwa asali yenyewe. Mchoraji aafikiane nanyi kwa maandishi kwamba mchoro ni wa kikundi. Picha za simu zinatosha: mikono inayochuja asali, mzinga juu ya mti, ukungu wa asubuhi. Andika jina la bidhaa, uzito halisi, aliyeitengeneza na mahali, tarehe na namba ya fungu. Usiandike kwamba asali inaponya kisukari. Futa chupa kwa maji ya vuguvugu, ikauke, ndipo ubandike. Lebo iliyobandikwa juu ya unato huanguka kabla chupa haijafika mjini Litein.

Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kusajili jina hakuzuii mwingine kuiga nembo yako. Kwa hilo kuna alama ya biashara, inayosajiliwa na Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI). Duka kubwa litadai pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) na msimbo wa mistari kutoka GS1 Kenya. Kwangu mimi, kikundi kichanga kiuze kwanza mahotelini na kwenye minada, madukani baadaye.

Na pesa za kuanzia?

Hazina ya Uwezo hukopesha vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa kwa angalau miezi 6. Mkopo wa kwanza huanzia shilingi 50,000, hauna riba, ila kuna ada ya asilimia 3. Usikope kununua mizinga 40 kabla hujajua kama nyuki wataingia katika 4.

Wanyamapori wananufaikaje?

Bongo wa milimani, swala mkubwa mwekundu mwenye mistari myeupe, hapatikani porini popote duniani ila Kenya, na hawafiki 100. Wanaishi Aberdare, Mlima Kenya, Eburu na Mau. Habari njema ni kwamba waliokuwa wawindaji wamekuwa wafuatiliaji: wanasoma nyayo na kutega kamera badala ya nyaya. Februari 2025 bongo 17 waliletwa Kenya kutoka Florida, Marekani, ili uzao wao uimarishe kizazi cha nyumbani. Wanahitaji msitu mnene usio na mitego.

Hapo ndipo mfuga nyuki anaposaidia: hupita msituni mara kwa mara, huona mengi. Ukikuta tanzi la waya, usilinyamazie: mjulishe mlinzi wa KFS au ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) siku hiyo hiyo.