Kumtafuta Mtu Aliye Ndani ya Jengo

Siku ya wazazi, mzazi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, simu yangu imenionyesha njia mpaka langoni. Mbona humu ndani haijui niko chumba gani? Na je, hakuna chombo cha kutuambia watoto wako wapi bwenini?" Nalijibu hapa, kwa kuwa lahusu somo letu la mawimbi.

Simu huongozwa na setilaiti za GPS, zilizo juu kilometa 20,000 na zaidi. Mawimbi yake ya redio hufika kwetu yakiwa dhaifu sana, na paa la bati au la zege huyazuia. Basi ndani ya jengo yatakiwa njia nyingine.

Mjini Cambridge, Uingereza, wataalamu wa maabara ya Olivetti walitengeneza beji ya kuvaa kifuani, wakaieleza kwa maandishi mwaka 1992. Ilitoa mionzi ya infraredi kila baada ya sekunde 15 hivi, kila beji na alama yake. Mionzi hiyo haipenyi ukuta. Ndiyo sababu kipokezi kilijua kwamba mwenye beji yumo chumba kile, wala si cha jirani.

Baadaye, huko huko Cambridge, kikaja chombo kilichoitwa Bat, yaani popo. Hiki chanipendeza zaidi, maana hesabu yake ni nyepesi. Chombo huitwa kwa redio, nacho hutoa mlio mwembamba usiosikika kwa sikio la mtu. Vipokezi vya darini hupima muda wa mlio kufika. Redio hufika papo hapo, bali sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ikichukua sehemu 10 za elfu za sekunde, umbali ni mita 3.4. Kipokezi kimoja hakitoshi. Vitatu visivyo katika mstari mmoja hubakiza mahali pawili tu: pa kwanza chini ya dari, pa pili juu yake, napo twapatupa. Kosa lilikuwa sentimita 3 hivi. Lakini angalieni joto! Likizidi digrii 10, sauti huongeza mwendo mita 6 hivi kwa sekunde, na katika mita 3 hilo ni kosa la sentimita 5.

Simu za siku hizi hukisia pia kwa nguvu ya mawimbi ya Wi-Fi, ila hukosea kwa mita kadhaa.

Narudi kwa mzazi. Moto ukitokea usiku, chombo cha namna hii kingetusaidia kujua nani hajatoka, na hilo si jambo dogo. Walakini kinachotambuliwa ni beji, si mvaaji: mwanafunzi akiiacha kitandani, chombo kitaapa kwamba amelala. Tena daftari la nani alikuwa wapi, na saa ngapi, litawekwa na nani? Nani ataruhusiwa kulisoma? Mimi nisingekubali vyombo hivyo vifungwe kabla ya swali hilo kujibiwa mbele ya wazazi na wanafunzi wenyewe. Kwa sasa mwalimu wa zamu ataendelea kuita majina.