Picha za Mbio za Magari: Mwendo Ndio Bidhaa

Mbio za Safari Rally, zilizoanza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zilirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha. Wanunuzi wa picha za mbio ni magazeti, timu na wadhamini. Mdhamini hutafuta picha ambayo jina lake linasomeka huku gari likionekana linakwenda.

Hapo ndipo hasara huanzia. Shata ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, kila kitu huganda na gari huonekana kama limeegeshwa. Kwa 1/125, mpiga picha alifuate gari kwa kamera kabla ya kubonyeza, na aendelee kulifuata baada ya hapo. Ubavu wa gari hutoka wazi, magurudumu huonekana yakizunguka, na vichaka vya nyuma hugeuka michirizi.

Zoezi hili halingoji mashindano. Mwenye kamera aliyeko Vudee, wilayani Same, anaweza kujifunza kwa pikipiki na magari yanayopanda mlima. Asimame juu ya ukingo, upande wa ndani wa kona, upepo ukimpiga mgongoni ili vumbi limkimbie. Upande wa nje ndiko huangukia gari lililoshindwa kona.

Picha nyingi za mwanzo zitaharibika. Kwa kamera ya dijitali, gharama yake ni muda tu. Anayefikiria kuweka mtaji kwenye lenzi ghali aanze kwanza na zoezi hili.