Kinga ya Virusi Nyumbani: Chagua Vizuri, Kisha Ulinde Mlango Usio na Kufuli

Katika nyumba nyingi za Majengo, kompyuta ikiwepo huwa ni moja na huwa ya kila mtu. Asubuhi mama huandika humo hesabu za biashara yake ya mahamri, jioni mtoto hufanyia kazi za shule, na usiku kijana hupakua filamu. Flashi iliyopelekwa saiba huko Mwembe Tayari kuchapisha fomu ndiyo hiyo hiyo inayorudi kuchomekwa nyumbani. Virusi vikiingia kupitia kwa mmoja, hasara huwa ya nyumba nzima.

Somo hili lina sehemu mbili: jinsi ya kuchagua programu ya kuzuia virusi bila kutupa pesa, na mambo ambayo programu hiyo haiwezi kukufanyia hata ikiwa ghali namna gani.

Anza na ulicho nacho

Kompyuta zenye Windows 10 au Windows 11 huja na kinga yake ndani, iitwayo Microsoft Defender. Haina malipo, na kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani inatosha, mradi iwe imewashwa. Ili kuhakikisha, andika "Windows Security" kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue na usome hali ya kinga. Simu nyingi za Android nazo zina Google Play Protect, ambayo hukagua programu zilizomo kwenye simu.

Ukiamua kununua nyingine, uliza maswali manne kabla ya kutoa pesa:

1. Je, hujisasisha yenyewe kila siku? Virusi vipya huzuka kila uchao, na kinga ya mwaka jana haivijui.
2. Je, kompyuta yako itaihimili? Mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndogo huwa nzito ikibebeshwa programu kubwa.
3. Bei ya mwaka wa pili ni ngapi? Kampuni nyingi hupunguza bei mwaka wa kwanza, kisha hupandisha wakati wa kulipia upya.
4. Je, imepimwa na watu wasioiuza? Maabara za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria hupima programu hizi na kutangaza matokeo bila malipo.

Usiweke programu mbili zifanye kazi kwa wakati mmoja, kwa kuwa hugombana na kuichosha kompyuta. Wala usikubali ya wizi iliyobebwa kwenye flashi. Mara nyingi aliyevunja kufuli ya programu hiyo huwa amepachika virusi vyake humo humo.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta

Wengi huahirisha sasisho ili kuokoa bando. Uokoaji huo una gharama yake. Mnamo Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, vikifunga mafaili ya watu na kudai pesa ili viyafungue. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Ufa ambao virusi hivyo vilipitia ulikuwa umezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo. Walionaswa ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekewa kiraka hicho.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inayoweza kuhamia Windows 11 ihamishwe. Zaidi ya hayo, nakili hesabu, vyeti na picha muhimu kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Mlango usio na kufuli

Kwa wakazi wengi, pesa haziko kwenye kompyuta bali kwenye simu. Na tapeli anayezitaka hahitaji virusi. Hupiga simu akijidai mhudumu, au hutuma kiungo cha zawadi, au humwomba nyanya amsomee tarakimu sita "zilizotumwa kwake kimakosa". Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yake ya WhatsApp. Hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kusoma nambari kwa sauti.

Kwa hivyo kila nyumba ijiwekee kanuni, na wote wazijue, kuanzia nyanya hadi mtoto wa shule:

- Nambari ya siri na tarakimu za uthibitisho haziambiwi mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi. Safaricom imewaeleza wateja kwamba huwapigia kwa nambari 0722 000 000 pekee.
- Programu za simu hupakuliwa kutoka duka rasmi, si kwa kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp.
- Tangazo linaloruka kwenye skrini likisema "simu yako ina virusi" lifungwe bila kubofya chochote ndani yake. Mara nyingi tangazo lenyewe ndilo mtego.
- Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp na barua pepe.
- Piga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukishanaswa

Aibu ndiyo inayompa tapeli muda. Aliyetapeliwa akinyamaza siku mbili, pesa huwa zimeshatolewa. Mteja wa Safaricom apige 100 mara moja, na ujumbe wa ulaghai autume kwa 333. Badilisha nywila ukitumia kifaa kingine kilicho salama. Hifadhi ujumbe na nambari zilizotumika, usizifute, kwa kuwa ndizo ushahidi. Kisha piga ripoti kituo cha polisi, au kwa DCI kupitia 0800 722 203, au kwa kitengo cha kitaifa cha KE-CIRT kupitia incidents@ke-cirt.go.ke.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamtoza anayewahadaa watu mtandaoni ili kupata taarifa zao za siri faini isiyozidi Sh300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria haiwezi kuanza kazi kabla aliyeumizwa hajasema.

Leo jioni, kabla kompyuta haijazimwa, fungua Windows Security uone kama kinga imewashwa. Kisha keti na wazee wa nyumba uwaeleze habari ya zile tarakimu sita. La kwanza ni la dakika mbili. La pili huenda likarudiwa mara kadhaa, na lisichoshe.